Sura ya Saba: Sura Zisizo na Sauti

Shuka lilikataa kutulia. Nilikuwa nimelitundika kwenye ukuta wa nyumba ya bibi yangu kijijini Nyegina, misumari minne juu na mawe mawili chini, lakini jioni ile upepo wa ziwa ulikuja na nguvu zake zote ukalivimbisha kama tanga. Akina bibi sita walikuwa wamekwisha kaa mkekani, miguu wameinyoosha, khanga mabegani. Watoto walizidi kila nilipowahesabu. Nikawasha projekta ndogo niliyotoka nayo Mwanza, na juu ya shuka lile linalopumua akatokea msichana mwenye macho makubwa, ameketi ndani ya treni, anatazama mchanga unavyopiga kioo cha dirisha.

Msichana huyo ni Lillian Gish, na filamu ni The Wind ya mwaka 1928, iliyoongozwa na Msweden Victor Sjöström. Kwa maoni yangu ni moja ya filamu bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Gish ni msichana aliyehamia nyika kavu ya Texas, mahali ambapo upepo haupumziki mchana wala usiku, na polepole akili yake inaanza kupeperuka pamoja na mchanga.

Nilikuwa na hofu. Wajukuu wa kijiji wamekulia kwenye kibanda umiza, ambako filamu ya Kichina huja na Kiswahili chake tayari, mtafsiri kama Lufufu akimpa kila mtu maneno ya kusema. Na bibi zao nilidhani wangechoka baada ya dakika kumi. Nilijiandaa kusoma kwa sauti maandishi yanayotokea kati ya picha na picha. Nilisoma mawili, matatu, halafu nikasahau, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiniuliza. Baada ya kama nusu saa bibi yangu alisema, si kwangu, alimwambia jirani yake:

“Huyu mtoto upepo utamtia wazimu.”

“Umekwisha mtia,” jirani akamjibu. “Mtazame anavyofagia. Anafagia mchanga ambao unarudi.”

Hawa ni wanawake walioanika dagaa na udaga maisha yao yote kwenye upepo huohuo uliokuwa ukilivuta shuka langu. Hawakuhitaji mkalimani.

Kwa Kiswahili filamu za aina hii, zisizo na sauti, tumezoea kuziita filamu bubu. Jina hilo silipendi, ingawa nitalitumia kwa kuwa ndilo tulilo nalo. Bubu ni mtu aliyenyimwa sauti. Wanawake wa filamu hizi hawakunyimwa. Waliihamisha sauti kutoka kooni wakaipeleka kwenye vidole, kwenye shingo, kwenye kope. Nyegina inajulikana nchini kwa sababu ya mtu mmoja aliyeishi kwa maneno: hapa, kwenye misheni iliyoanzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1911, alibatizwa Kambarage Nyerere tarehe 23 Desemba 1943 akachukua jina la Julius. Mwalimu alipotaka Waswahili wamwone Shakespeare, ilimbidi akae mezani amfasiri mstari kwa mstari. Julius Caesar ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Kazi kubwa, na tunamshukuru. Lillian Gish alifika Nyegina bila mtu kumfanyia kazi hiyo. Alifika na uso wake.

Na uso ule ulikuwa kazi. Hili nataka lieleweke kabla sijaendelea, maana tunapotazama picha za nyota wa zamani, nyusi nyembamba kama uzi, manyoya shingoni, lulu, ni rahisi kudhani uzuri wao ulikuwa bahati ya kuzaliwa. The Wind ilipigwa kwenye jangwa la Mojave, California, kwenye joto la karibu nyuzi 49. Upepo wenyewe ulitengenezwa kwa mapanga ya injini za ndege yaliyowekwa mbele ya waigizaji yakawarushia mchanga. Gish alishika kitasa cha mlango kilichopigwa na jua, mkono ukaungua. Miaka minane kabla ya hapo, kwenye Way Down East, alilala juu ya barafu halisi iliyokuwa ikielea mtoni, nywele na mkono mmoja vikiburutwa majini, na wazo la kuutumbukiza mkono huo lilikuwa lake mwenyewe. Aliishi na madhara ya baridi hiyo vidoleni hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1993 akiwa na miaka 99.

Kisha kuna rangi. Mkanda wa filamu wa miaka ile ya mwanzo ulikuwa na kasoro ya ajabu: haukuiona rangi nyekundu. Mdomo mwekundu ulitoka mweusi kama lami, shavu lenye haya lilitoka kama lina masizi, na macho ya buluu yalififia yakawa meupe kama ya kipofu. Kwa hiyo ule urembo tunaoutamani, uso uliopauka na macho yaliyozungushiwa giza, kwa sehemu kubwa ulikuwa jibu la fundi kwa upungufu wa kemikali. Walipaka poda nzito kuficha wekundu wa ngozi, na macho wakayazungushia wanja ili yasipotee. Mwanamke wa Lamu au wa Unguja angewaeleza mambo ya wanja bila kuhitaji maabara. Pwani yetu imejua kwa karne nyingi kwamba jicho lililozungushiwa weusi husema kwa mbali.

Aliyeutumia wanja kuliko wote ni Theda Bara. Alizaliwa mwaka 1885 Cincinnati, jimbo la Ohio, jina lake Theodosia Goodman, mtoto wa fundi cherehani Myahudi. Lakini kampuni ya Fox haikuwaambia watu hivyo. Waandishi wa habari walielezwa kwamba amezaliwa jangwani Misri, kivulini mwa piramidi, na kwamba herufi za jina lake zimeficha maneno ya kutisha kuhusu Uarabu na kifo. Mwaka 1917 akaigiza Kleopatra. Picha za mnato zilizobaki zinamwonyesha na taji la nyoka, mabega wazi, macho mawili kama visima. Filamu yenyewe haipo. Mwaka 1937 ghala la Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliwaka, kwa kuwa mikanda ile ilitengenezwa kwa nitrati, kitu kinachoshika moto kama baruti, na karibu kila alichokifanya Theda Bara kikaisha usiku mmoja. Vya Kleopatra vimebaki vipande vifupi tu.

Nimeikodolea macho picha ile ya Kleopatra mara nyingi. Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini angalia kilichotokea: Afrika ilitakiwa, ilitamaniwa, watu walipanga foleni kuiona, ila ivaliwe na msichana wa Ohio. Wasichana wenye ngozi ya Afrika walikuwapo palepale Marekani, na mlango ulifungwa.

Si kufungwa tu. Lillian Gish huyuhuyu, ambaye uso wake ulimfanya bibi yangu asahau chai yake ikapoa, ndiye mwigizaji mkuu wa kike wa The Birth of a Nation ya mwaka 1915, filamu inayowatukuza wauaji wa Ku Klux Klan na kumchora mtu mweusi kama mnyama. Nilijua hivyo nilipolitundika shuka. Nilikaa na jambo hilo muda mrefu kabla ya kusafiri, nikijiuliza kama nina haki ya kumpenda. Nampenda. Na filamu ile siipendi, wala sitaionyesha popote. Mambo hayo mawili yanakaa ndani yangu pamoja na sijapata njia ya kuyapatanisha.

Nilichofanya ni kumwandalia usiku wa pili mwanamke mwingine.

Evelyn Preer alizaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1896. Mtu mweusi aliyeitwa Oscar Micheaux, mwandishi na mfanyabiashara aliyejitengenezea filamu zake mwenyewe na kuzisambaza mwenyewe, alimchukua mwaka 1919, na mwaka uliofuata akampa nafasi kuu katika Within Our Gates. Anaigiza mwalimu, Sylvia, anayesafiri kwenda kaskazini kutafuta fedha ili shule ya watoto weusi isifungwe. Filamu inaonyesha wazi jinsi familia za watu weusi zilivyokuwa zikinyongwa na makundi ya wazungu. Wengi wameichukulia kuwa jibu kwa ile ya mwaka 1915. Kwa miongo mingi ilidhaniwa imepotea kabisa. Kisha nakala moja ikapatikana Hispania, ikiwa na jina la Kihispania, La Negra, na ikatengenezwa upya Marekani mwaka 1993.

Preer alikuwa na uzuri wa aina nyingine. Gish hutetemeka, Preer hutulia. Kamera ikimkaribia haongezi kitu, anapunguza. Kidevu kinainuka kidogo, kope zinashuka, na unajua kwamba mtu huyu ameumizwa na hatalia mbele yako. Alifariki mwaka 1932 kwa nimonia, muda mfupi baada ya kujifungua, akiwa na miaka 36. Akina bibi walimkubali mara moja. “Huyu mwalimu kweli,” alisema mmoja wao, na kwa Nyegina, kijiji kilichokua na shule za misheni, hiyo ni sifa nzito.

Huku kwetu, majumba ya sinema yalitangulia mijini na pwani. Nairobi ilikuwa na Theatre Royal tangu mwaka 1912. Zanzibar, Hassanali Jariwalla alianza na maonyesho ya hemani kabla ya jumba la Royal kufunguliwa Vuga mwaka 1921. Liliungua miaka ya 1950, na mahali pake likasimama jumba la Majestic ambalo wengi wanalijua. Ng'ambo ya bahari, Bombay ilikuwa na nyota wake. Mkubwa kuliko wote ni Sulochana, jina la kuzaliwa Ruby Myers, Myahudi wa asili ya Baghdad aliyezaliwa Pune mwaka 1907 na ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kupokea simu kwenye ofisi ya mawasiliano. Katika Wildcat of Bombay ya mwaka 1927 aliigiza watu wanane tofauti. Sauti ilipoingia kwenye filamu ikambana: Kihindustani chake hakikutosha. Aliacha kazi akaenda kujifunza lugha, akarudi akaanza tena. Kwangu mimi hapo ndipo inaonekana nini kilipotea sauti ilipokuja. Siku moja kabla, Sulochana alikuwa wa kila mtu, kuanzia Mgujarati na Mtamili hadi baharia yeyote mwenye nauli ya kiti cha mbele. Siku iliyofuata akawa wa wale tu wanaojua Kihindustani.

Lakini nyota mmoja wa enzi ile aliwahi kuishi huku. Hapajawahi kuwa na Hollywood Bunda wala Butiama, ila alifika kwenye nyika ya Serengeti, ambayo mkono wake wa magharibi unanyooka hadi karibu na Ghuba ya Speke, mwendo wa saa chache tu kwa gari kutoka Nyegina. Jina lake Osa Johnson.

Alizaliwa Chanute, mji mdogo wa Kansas, mwaka 1894, na akiwa na miaka 16 akaolewa na Martin Johnson, kijana aliyewahi kusafiri baharini na mwandishi Jack London. Walianza na maonyesho ya majukwaani, Osa akiimba huku Martin akionyesha picha za safari. Mwaka 1921 walifika Kenya kwa mara ya kwanza. Kuanzia 1924 hadi 1927 walikaa Marsabit, juu mlimani kando ya ziwa la kreta ambalo wao waliliita Paradise, na matunda ya miaka hiyo ni filamu ya Simba ya mwaka 1928. Mwaka huohuo walikuwa Serengeti wakiwapiga picha simba, wakiwa na vijana watatu wa skauti waliotoka nao Marekani.

Kamera ya wakati huo ilizungushwa kwa mkono. Mpini ukienda kwa kasi, picha inakuwa ya polepole. Ukisita, watu wanaruka kama panzi. Mpiga picha hujifunza kuzungusha kwa mwendo uleule kama anayesaga mahindi, na hawezi kuuacha mpini bila kuipoteza picha. Sasa weka mbele yake simba anayekuja. Martin alizungusha. Pembeni yake alisimama Osa na bunduki, akisubiri hadi dakika ya mwisho, kwa sababu akipiga mapema, filamu imeharibika, na akichelewa hana mume. Kila picha ya mnyama anayeshambulia katika kazi zao ina mwanamke mwenye umbo dogo ambaye hukumwona, nje ya fremu, kidole kwenye kifyatulio.

Kisha anaingia ndani ya fremu, na amevaa vizuri! Hilo ndilo linalonifurahisha kwake. Hakukubali kwamba mwenye kuvua samaki, kuoka mikate porini na kulenga bunduki hawezi pia kupaka rangi ya mdomo. Mwaka 1932 yeye na Martin walijifunza urubani, wakaja na ndege mbili za kutua majini, moja imechorwa milia ya pundamilia, nyingine madoa ya twiga. Ya pundamilia iliitwa kwa jina lake. Mwaka 1937 ndege ya abiria waliyopanda ilianguka California. Martin akafa, Osa akavunjika vibaya. Mwaka 1939 akatajwa miongoni mwa wanawake wanaovaa vizuri kuliko wote Marekani, na mwaka 1940 kitabu chake, I Married Adventure, kikawa kati ya vilivyouzwa zaidi nchini mwake. Alifariki mwaka 1953.

Filamu zao zina doa. Wapagazi, wapishi na wawindaji waliowabeba, kuwalisha na kuwaongoza wanatumika humo kama kichekesho. Maandishi ya kwenye picha yanawadhihaki. Katika Congorilla ya mwaka 1932, ambayo tayari ina sauti, Wambuti wa Ituri wanachezeshwa muziki wa Kimarekani ili watu wa New York wacheke. Huwa nasimamisha picha hapo, natoka nje.

Na nchi haikuwa na huruma kwa kila aliyekuja kupendezeshwa nayo. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilimleta Edwina Booth, msichana wa Utah, kuigiza mungu wa kike mweupe katika Trader Horn. Walianza wakikusudia filamu bubu. Vyombo vya sauti viliwafuata wakiwa tayari Afrika Mashariki. Alikaa miezi kwenye jua la Kenya na la maporomoko ya Murchison, Uganda, akiwa karibu uchi, na akarudi kwao na ugonjwa uliomlaza kitandani kwa miaka. Alifungua kesi, wakamalizana nje ya mahakama, na kazi yake ya sinema haikudumu. Mutia Omoolu, Mkenya aliyeigiza mbeba bunduki, alipelekwa hadi Hollywood kumalizia picha, na ukimtazama leo, yeye ndiye mwenye heshima kuliko wote mle ndani.

Usiku wa tatu Nyegina niliwaonyesha vipande vya akina Johnson. Niliwaeleza Osa ni nani, nikaeleza kuhusu bunduki na ndege, nadhani nilizungumza kupita kiasi kwa kuwa nampenda. Bibi alinisikiliza. Shuka usiku ule lilitulia, upepo ulikuwa umekwenda kulala. Osa alipita na kofia yake pana, akacheka, akageuka.

“Mrudishe,” bibi akasema.

Nikarudisha. Osa akapita, akacheka, akageuka.

“Si huyo, mjukuu wangu. Wa nyuma.”

Sikuwa nimemwona. Mara zote nilizotazama kipande kile, na ni nyingi, macho yangu yalikuwa kwenye kofia. Nyuma, karibu na ukingo wa picha, mwanamke mweusi anapita na mzigo kichwani. Anatazama kamera kwa muda mfupi kuliko pumzi moja. Mwanga unamwangukia vibaya, nusu ya uso iko gizani, hakuna aliyempaka poda wala wanja. Halafu hayupo.

Nikarudisha tena. Jirani ya bibi akajisogeza mbele mkekani.

“Mzigo umemlalia kushoto,” alisema. “Shingo inamuuma. Lakini hataki waone.”

“Nani huyu?” bibi akaniuliza.

Nikamwambia jina halikuandikwa.

“Yule mwenye kofia limeandikwa?”

“Ndiyo, bibi. La kwake limeandikwa.”

Akanyamaza. Watoto walikuwa wameanza kusinzia mmoja juu ya mwingine, na taa ya projekta ilikuwa ikififia kwa sababu betri ilikuwa inakaribia kwisha. Nilitaka kuzima ili ibaki chaji ya kesho. Bibi akaweka mkono wake juu ya mkono wangu.

“Mrudishe,” akasema. “Polepole safari hii.”